Jina Lako Halikai Kwenye Zege

Mama, mwaka umetimia tangu ututoke, na juu yake wiki nzima. Tangazo hili limechelewa kwa makusudi. Tulitaka kwanza tumalize ugomvi, ndipo tuandike, maana wewe mwenyewe ulikuwa ukisema mechi haisimuliwi kabla kipenga cha mwisho hakijalia. Basi kimelia. Au tuseme kimekaribia kulia, utaona mwenyewe.

Picha hiyo hapo juu ni ile uliyoikataa. Umevaa kofia ya Baba, na kwenye ukosi wa sweta yako anachungulia popo mwenye bawa lililovunjika, kama mtoto aliyechoshwa na misa. Mwanao Limbert alitaka ile ya joho, ya siku uliyopewa udaktari. Nikamwambia, "Pale Mama anaonekana kama mtu aliyelazimishwa kula." Akanuna, lakini ikapita hii.

Watu wa Huertamayu wanakujua. Gazeti husomwa na wengine pia, kwa hiyo acha tuwaambie. Wewe ni Eduviges Rocabado Terceros, mwanamke wa kwanza wa bonde letu kusomea wanyama, na ulipoanza kusoma maisha ya popo hukuwa na mwenzako wa kumuuliza. Jumba la makumbusho la huko mjini lilikuajiri uoshe chupa. Wanaume wakienda porini, wewe uliambiwa ubaki, eti porini hakuna choo cha wanawake.

"Popo nao hawana choo," ukawajibu, "na sijasikia mkiwakataza."

Ukaziacha chupa zao kwenye karo, ukapanda lori la viazi, ukarudi nyumbani. Ukaanza kazi palepale nyuma ya shamba la babu, kwenye pango la Masuwasi, ambalo kila mtoto wa hapa alikatazwa kulikaribia.

Tunakumbuka kazi yako ilivyokuwa, kwa sababu ilikuwa inalala nyumbani kwetu. Nyavu zako nyembamba zilianikwa pamoja na chupi zetu. Vitambaa vya kubebea popo vilishonwa kwa mashuka ya bibi. Ulikuwa ukimkamata popo jioni, unampima, unampulizia manyoya ya tumbo kuona kama ananyonyesha, unamvika kijipete cha bati mkononi, halafu unamwachia huku ukimwambia, "Haya, nenda, samahani kwa usumbufu." Baba yetu, Zenón, alilalamika mwaka hadi mwaka kwamba wewe huvai pete yake lakini umewavisha popo wa mkoa mzima. Wewe ukamjibu kwamba wao hawakuombi supu.

Na ulikuwa mkali, jamani. Tusijifanye. Mtu akisema popo ni panya aliyeota mabawa, alikuwa amekosa supu siku hiyo. Mgeni wa heshima aliyesema hivyo mezani, ulimwondolea sahani na kijiko bado kiko mdomoni. Wanafunzi wako wa chuo kikuu walikuogopa kuliko radi, na wote walikuja kukuzika.

Wewe ndiye uliyegundua Masuwasi ni nini. Watu walidhani ni pango la wanyonya damu. Ukakaa mdomoni mwake na kile kiti chako cha matete, jioni baada ya jioni, hadi ukaweza kutuambia: ndani mna popo wa aina nyingi, na wanaolamba damu ni wa aina moja tu, tena wachache. Wengine wanakula nondo wanaoharibu mahindi. Wengine wanakunywa maji matamu ya maua ya mpungate. Na mvua za kwanza zikinyesha, majike wa hao wanywa maua wanakuja kutoka mabonde ya mbali, wanaingia Masuwasi kuzaa. Ukaliita pango lile wodi ya wazazi. Akipita mtu na kelele, ulimwambia, "Shh! Kuna watu wamejifungua humo."

Siku ya matairi sisi wanao tuliiona kwa macho yetu. Ng'ombe wa juu mlimani walikuwa wamekufa kwa kichaa, ugonjwa unaoletwa na wale walamba damu, na wanaume wakaja na matairi na petroli kulichoma pango. Ulikuwa unakula. Ukabeba sahani yako, ukabeba kiti, ukaenda ukakaa kitako mdomoni mwa pango, ukaendelea kula.

"Ondoka hapo, mama," wakasema. "Moshi utakuua."

"Washeni. Nikifa mtamweleza Zenón nani atamkandia mkate."

"Ng'ombe wetu wanakufa!"

"Wanakufa kwa sababu hamjawachanja! Wachache wanalamba damu, nanyi mnachoma wodi nzima? Leteni ng'ombe, mimi nitaleta chanjo. Hamtaki, washeni. Lakini hiki kiti ni cha mama mkwe wangu, na yeye hana mzaha."

Wakacheka. Wakicheka wanaume wa Huertamayu, vita vimekwisha. Baba akaja na sahani yake, akakaa kando yako juu ya tairi lao. Wiki iliyofuata ukapanda mlimani na chanjo kwenye ndoo ya barafu, na ukapanda kila mwaka, hadi ulipokwisha. Ng'ombe wakaacha kufa. Hakuna aliyekushukuru, nawe hukungoja.

Bi Casilda, muuza pasakana, tunda lile la mpungate ambalo watu wa mjini wanalifuata hadi sokoni kwetu, anasimulia ulivyompeleka siku moja jua likizama kwenye mipungate mirefu ya mlimani. Maua yalikuwa yanafunguka. Akamwona popo anatumbukiza uso mzima kwenye ua, anatoka na unga wa njano hadi masikioni, anahamia ua jingine. Ukamwambia, "Huyo ndiye mshirika wako wa biashara. Bila yeye unauza miiba." Tangu siku hiyo Bi Casilda akisikia mtu anawatukana popo sokoni, anamuuzia pasakana mbichi.

Tunakumbuka mikono yako yenye harufu ya mbolea ya popo na limau. Tunakumbuka ulivyokuwa unasinzia kila mchana na miguu juu ya kreti ya chicha, pombe yetu ya mahindi. Tunakumbuka ulivyokuwa ukituamsha kwa kutupiga pigapiga nyayo. Ulitupenda kwa kutufokea, na nyumba sasa ni kimya kiasi kwamba Baba anafungua redio asubuhi ili afokewe na mtu.

Moyo wako ulisimama ukiwa unamenya viazi. Kisu mkononi, ganda refu halijakatika. Daktari alisema ni moyo, sisi tulisema ni moyo, na cheti kinasema ni moyo. Kabla hata ua la kaburini halijanyauka, mji mzima ulikuwa unasema: popo wamemuua Daktari.

Hapo ndipo hasira yetu ilipoanza, Mama, na tunaiandika hapa gazetini makusudi, kila mtu aisome kwa macho yake.

Mwana wako wa ubatizo, Grover, sasa ndiye meya. Ndiyo, Grover yuleyule uliyemshika kwenye maji ya baraka, uliyembeba mgongoni hadi ndani ya Masuwasi alipokuwa hana meno ya mbele. Mwaka ule ulipokufa, halmashauri yake iliacha kununua ile chanjo uliyokuwa ukiipandisha mlimani. Mlimani ng'ombe wakaanza kufa tena, si ajabu. Wafugaji wakapiga kelele, na Grover badala ya kununua chanjo akaamua kununua zege. Masuwasi lizibwe. Na azibe lini? Siku ya kumbukumbu yako, na wodi imejaa, na watoto wa popo hawajaota hata manyoya.

Akaja nyumbani kutuomba baraka, na chupa ya soda na tabasamu. Mkononi alishika kibao cha shaba kimefungwa kwa kitambaa. Akakifungua mezani. Kimeandikwa: KWA HESHIMA YA DAKTARI EDUVIGES ROCABADO, ALIYETOA UHAI WAKE KWA SAYANSI.

"Tutakipachika juu ya ukuta, Baba," akasema. "Pango lililomuua Mama litakuwa mnara wake. Jina lake halitafutika kamwe."

Alikuwa anatupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Mimi nilisimama. Nilikuwa na upawa wa supu mkononi na nilikuwa najua pa kuuweka. Nikamwambia, "Wewe, alikufa kwa viazi! Ziba shamba la viazi basi!"

Limbert akanishika mkono. Baba alikuwa anaangalia kibao tu. Unamjua Baba, kimya kingi kina mshindo. Akakipapasa herufi moja moja, akasema, "Kazi nzuri. Shaba nzito. Sawa, mwanangu."

"Sawa?" nikapiga kelele.

"Sawa. Ila siku hiyohiyo ndiyo yetu ya kuvua nyeusi. Mwaka umetimia. Na nani atuvue, kama si mwana wa ubatizo wa marehemu?"

Akaenda jikoni, akarudi na mkate na kibuyu cha chicha, akaviweka mbele ya Grover.

Wasio wa kwetu waelewe. Mwaka ukitimia, yule aliyeombwa kwa mkate na chicha ndiye anayewavua wafiwa nguo nyeusi kwa mikono yake mwenyewe, akawavika za rangi, akawamwagia vipande vya karatasi kichwani, na ngoma ikaanza. Ombi hilo halikataliwi. Na akishakula ule mkate, hakuna mwingine duniani anayeruhusiwa kugusa hata kifungo. Asipowavua yeye, watabaki na nyeusi yao.

Grover aliula mkate. Aliula wote, na kwa furaha, akidhani ametupata. Akatoka anapiga mluzi.

"Baba," nikasema, "umetuuza."

"Keti, Nieves," akasema. "Kiti cha mama yako kiko wapi?"

Siku ikafika. Grover akapanda kule pangoni na utepe wake wa umeya kifuani, bendi ya tarumbeta nyuma yake, wafugaji, nusu ya soko, na lile lori la zege likizungusha pipa lake na kunguruma. Akatukuta. Baba alikuwa amekaa kwenye kiti chako cha matete, mdomoni mwa pango, amevaa poncho yake nyeusi ya sufu hadi magotini. Limbert kulia, mimi kushoto. Chicha chini, na kikapu cha vipande vya karatasi.

"Baba, shikamoo," akasema Grover. "Mbona mmekaa huku? Shukeni, tuanze."

"Tunaanza hapa, mwanangu. Njoo utuvue."

"Hapa? Mimi nilijua ni nyumbani, baadaye, na chakula."

"Mahali wanachagua wafiwa. Alikokuwa akikaa ndiko tunakomwagia chicha." Baba hakupandisha sauti hata kidogo. "Ukituvua, roho yake inafunguliwa inakwenda zake. Lakini roho ya Eduviges haiko makaburini, Grover. Makaburini alikuwa anachoshwa. Imo humu ndani, na wale wazazi na vichanga vyao. Sasa chagua. Ziba kwanza, halafu uje utuguse kwa mikono hiyohiyo. Ukiweza, weza."

Tarumbeta moja ikakohoa.

"Baba, mnanitia aibu mbele ya watu."

"Aibu umeileta mwenyewe, mheshimiwa," akadakia Bi Casilda kutoka nyuma, "inazunguka humo kwenye lori!"

Kicheko kilichopasuka hapo, Mama, ungekipenda. Bi Casilda akapita katikati ya bendi, akatua kikapu chake cha pasakana karibu na miguu ya Baba, akakaa. Wenzake wa sokoni wakamfuata, wakakaa na sketi zao pana, hadi mdomo wa pango haukuonekana tena.

Mfugaji mmoja akalalamika, "Na ng'ombe wetu?"

"Chanjo yenu iko wapi?" nikamuuliza. "Usiniulize mimi wala usimuulize popo. Muulize huyo mwenye utepe. Mama alikuletea kila mwaka kwa ndoo, na hukuwahi kumchagua kuwa chochote."

Yule mfugaji akageuka, akamwangalia Grover. Wote wakamwangalia. Grover akaanza kutoka jasho chini ya utepe.

Dereva akatoa kichwa dirishani. "Mheshimiwa! Zege linaganda! Likigandia humu ndani, pipa hili utalilipa wewe!"

"Subiri!"

"Mimi nasubiri. Zege ndilo halisubiri!"

Grover akasogea karibu nasi. Kutoka ndani ya pango, nyuma ya migongo yetu, ilikuwa inakuja ile sauti unayoijua, ya vichanga wakiita mama zao, kama bawaba nyingi zisizotiwa mafuta. Akainama. Akauliza chini chini, kama mtu wa nyumbani sasa, "Wamo kweli?"

"Ingia uone," nikamwambia. "Njia unaijua. Ulipita mgongoni mwake."

Hakuingia. Lakini alivua ule utepe, akaukunja, akautia mfukoni. Akamgeukia dereva, akapunga mkono: ondoka. Lori likashuka linanguruma, likafika kona ya mtoni, dereva hakuweza kungoja zaidi, akalimwaga zege lote palepale kando ya barabara. Liko pale hadi leo, limeganda, nundu kubwa ya kijivu. Watu wameshalipa jina. Wanaliita Kaburi la Mheshimiwa.

Grover akamsogelea Baba. Akamvua poncho nyeusi, akamvika ile nyekundu uliyomfumia wewe. Baba akalia hapo, kwa mara ya kwanza tangu siku ya viazi, akalia bila kujificha, na Grover naye akalia begani mwake. Akamvua Limbert, akamvika shati la buluu. Akawamwagia karatasi. Bendi ikapiga, maana walikuwa wameshalipwa. Chicha ikazunguka, na tone la kwanza la kila kibuyu likamwagwa chini, lako.

Kisha akaja kwangu. Lakini kabla hajanigusa akawageukia watu, akapaza sauti ya jukwaani: "Ndugu wananchi, shughuli ya leo imeahirishwa."

Nikarudi nyuma hatua moja. "Imeahirishwa au imefutwa?"

"Nieves, dada yangu. Tusiharibu siku."

"Jibu tu."

"Kuna baraza, kuna taratibu..."

"Basi shusha mkono," nikamwambia. "Hunivui."

"Dada, mwaka umepita! Utakaa na nyeusi?"

"Nitakaa. Wewe ndiye uliyekula mkate."

Nikanywa chicha yangu na nyeusi yangu, nikacheza na nyeusi yangu, na jua lilipozama tukanyamaza wote, bendi nayo, popo wakatoka. Walitoka juu ya vichwa vyetu kama unavyowajua, wengi, bila kumgusa mtu hata unywele. Bi Casilda alisimama akawapungia, "Nendeni, nendeni, maua yanangoja!" Na mfugaji yule aliyelalamika alivua kofia. Sisemi aliwapenda. Nasema alivua kofia.

Hayo ndiyo yaliyotokea, Mama. Kibao cha shaba Baba amekichukua, kinafunika mtungi wa chicha, nzi hawaingii tena. Jina lako limekaa chini, herufi zimeelekea ndani, zinanusa chicha, na tunadhani ndivyo ungetaka. Kwenye zege halitakaa. Thubutu! Limbert amepanda mlimani na ndoo yako ya barafu. Chanjo ya mwaka huu imelipwa na wanawake wa pasakana. Ya mwaka ujao tunaingoja kutoka mahali panapostahili.

Na mimi kila asubuhi napita sokoni na nguo yangu nyeusi. Watu wananiangalia, halafu wanainua macho kuangalia dirisha la ofisi ya meya. Siongei na mtu. Nanunua viazi vyangu, naenda zangu. Jana dirisha lilikuwa limefungwa pazia, na joto lote hili.

Tunakukosa, Mama. Tunakukosa vibaya. Waliosema ukifa wewe na popo wako mmekwisha, na wasome hapa, na wakimaliza wasome tena.

Unakumbukwa na mumeo Zenón Claros, mwenye poncho nyekundu. Na mwanao Limbert, mwenye shati la buluu. Na Bi Casilda na wanawake wa soko la Huertamayu. Na wanafunzi wako, ambao bado wanakuogopa. Na mwana wako wa ubatizo Grover, ambaye tumemwandika hapa kwa sababu ni wako, na kwa sababu kazi yake hajaimaliza. Na mimi binti yako Nieves, mwenye nyeusi.

Hatukukusahau hata siku moja, wala hatutakusahau, wapende wasipende. Pango liko wazi. Grover, vifungo vyangu viko palepale ulipoviacha. Njoo na neno moja tu, ulisemee sokoni, watu wasikie: imefutwa.